Je, Wajua Kwa Nini Mpiga Picha wa Mandhari Huwa wa Mwisho Kuona Kasoro ya Picha Yake?

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii hutumika kumsema mtu mwenye majivuno, yule hodari wa kuchambua makosa ya wenzake huku ya kwake yamemjaa tele. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba inaeleza kila kitu kuhusu tukio ambalo mpenzi yeyote wa picha za mandhari amelishuhudia: mtu anakuonyesha picha ya ziwa na milima, macho yanamng'aa, nawe unachokiona ni upeo wa macho ulioinamia upande mmoja na tawi linalochungulia kwenye kona. Unamwambia. Ananuna. Unaondoka ukijisemea kwamba mapenzi ya kazi yake yamempofusha.

Kumbe nilikosea, na kosa lenyewe lilinifanya niwe mkosoaji mbovu. Ukishaamini kwamba ugonjwa ni kiburi, unabaki na dawa mbili tu. Ya kwanza ni kukivunja: "Picha haina kitu hii." Ya pili ni kukipaka mafuta kabla ya kukichoma sindano: "Nzuri sana, hongera, ila..." Nilizitumia zote mbili kwa bidii. Ya kwanza ilinipunguzia marafiki. Ya pili iliniachia marafiki wote, na picha zao zikabaki vilevile, kwa sababu kila mmoja aliisikia ile "nzuri sana" na kilichofuata kikampita.

Kilichonigeuza ni picha yangu mwenyewe. Ilikuwa ya alfajiri: maji yametulia, ukungu unapanda, kilima kimejigeuza kivuli cha buluu. Nilikuwa nimeitazama labda mara mia, nikaihariri kwa siku mbili. Nikampa mwenzangu aitazame. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza bila ubaya wowote, "Hivi huu mfuko wa plastiki uliuacha makusudi?" Mfuko mweupe, umenasa kwenye matete, chini kushoto. Ukishauona, huoni kingine. Mimi sikuwa nauonea fahari mfuko ule, wala sikuwa nautetea. Sikuwa nimeuona kabisa.

Hapo ndipo niliporudi kwenye methali na kuisoma upya, safari hii kwa jicho la mtu wa wanyama badala ya mzee wa busara. Nyani haoni kundule kwa sababu kundu liko nyuma na macho yako mbele. Hana majivuno yoyote. Amekaa tu mahali ambapo kundu lake halionekani. Mpiga picha naye amekaa mahali pa aina hiyo: yeye alikuwepo siku ile, na mtazamaji hakuwepo.

Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliwapanga watu wawili wawili. Mmoja alipewa wimbo unaojulikana na kila mtu, akaugonga kwa kidole juu ya meza. Mwenziwe alisikiliza na kutaja ni wimbo gani. Kabla ya jibu, mgongaji aliulizwa: unadhani atapatia? Wagongaji kwa wastani walikisia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Ziligongwa nyimbo 120. Zilizotambuliwa zilikuwa 3.

Lijaribu hapo ulipo na wimbo wa siku ya kuzaliwa, kwani jambo hili ni la ajabu zaidi ukilifanya kuliko ukilisoma. Unapogonga, kichwani mwako kuna sauti, maneno, kupanda na kushuka, pengine hata ngoma. Kidole chako kinafuata wimbo kamili. Kinachomfikia jirani yako ni to, to, to-to, to: mgongano wa mfupa na mbao. Jaribu sasa kugonga bila kuusikia wimbo. Haiwezekani. Mwenye wimbo hana namna ya kuuzima ili asikie mezani panatoka nini hasa. Ndiyo maana wagongaji walikuwa wakishangaa, wengine wakiona kama wenzao ni wazito wa kuelewa.

Picha ya mandhari ni kugonga meza. Aliyeipiga aliamka gizani, akapanda mlima akihema, vidole vikafa ganzi, akasikia maji kabla ya kuyaona, kisha mwanga ukatoka kwa dakika tatu na kutoweka. Fremu haikuchukua hata kimoja kati ya hivyo, isipokuwa mpangilio wa rangi na vivuli ndani ya mstatili. Lakini kila akiutazama mstatili ule, wimbo wote unapigwa tena kichwani mwake. Wewe unaletewa kugonga tu, halafu unaulizwa, "Unaionaje?"

Niseme wazi kwamba jaribio lile lilihusu nyimbo. Kulileta kwenye picha ni kazi yangu, na tarakimu zile haziwezi kuhama nalo. Ila kwenye picha kuna mambo mengine yanayosukuma upande uleule.

Mojawapo ni jicho lenyewe. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kamili ni ndogo ajabu, nyuzi 2 hivi, upana wa ukucha wa dole gumba ukinyoosha mkono. Nyingine yote ni ukungu wa kiasi ambao ubongo unaujazia. Ukisimama mbele ya bonde huoni bonde zima kwa mkupuo. Unarusha jicho huku na huko, mara tatu hivi kwa sekunde, na unachokipenda ndicho unachokirudia. Mwezi unachomoza juu ya ukingo wa mlima? Utautazama mwezi. Na ukiwa karibu na upeo wa macho utakuonekania mkubwa kupita kiasi, jambo ambalo watu wamelibishania tangu zamani za Wagiriki bila kuafikiana. Kamera haijui habari hizo. Mwezi una upana wa nusu ya nyuzi 1 tu angani, kwa hiyo ukitumia lenzi ya milimita 24, inayochukua eneo pana, kwenye kamera yenye fremu ya upana wa milimita 36, mwezi wako utachukua takriban sehemu 1 kati ya 165 za upana wa picha. Punje ya mchele. Mwenye picha anaendelea kuona mwezi mkubwa kwa sababu ameubeba kutoka mlimani. Mgeni anaona punje ya mchele na kujiuliza kwa nini fremu yote imejengwa kuizunguka.

Mfuko wangu wa plastiki nao una ndugu zake. Mwaka 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu video ya wachezaji wakipasiana mpira, wakawaambia wahesabu pasi. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa kama sokwe, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Ikiwa sokwe mzima anaweza kupotea mbele ya mtu anayehesabu pasi, mfuko kwenye matete una nafasi gani mbele ya mtu anayehesabu sekunde za mwanga?

Kuhusu kingo za picha, ushahidi unaanza kuwa mwembamba. Mwaka 1989, Helene Intraub na Michael Richardson walionyesha kwamba watu wakikumbuka picha huikumbuka kana kwamba ilikuwa na eneo pana zaidi ya lililokuwamo, kama vile akili imeisukuma fremu kwa nje. Kwa muda mrefu ilionekana kuwa kanuni. Kisha mwaka 2020 Wilma Bainbridge na Chris Baker wakajaribu kwa picha za aina nyingi zaidi, na nyingine zilikumbukwa zikiwa zimebanwa badala ya kutanuka. Napenda kuamini kwamba ndiyo sababu tunakata vilele vya miti bila kujua, lakini nimelazimika kuipunguza imani hiyo.

Sasa, usidhani mkosoaji ndiye aliyekaa kwenye kigoda cha ukweli. Mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus alifuatilia njia ya macho ya mtu akitazama mchoro mmoja, mara kwa mara, kila safari akiwa na swali jipya: watu hawa wana umri gani, hali yao ya maisha ikoje, wamevaa nini. Kazi hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, na michoro yake ya njia za macho bado inashangaza. Mchoro ni uleule, mtu ni yuleyule, lakini swali likibadilika njia ya macho inakuwa nyingine kabisa. Mkosoaji aliyekuja akitafuta kanuni ya theluthi, ile ya kuigawa picha mara tatu kwa wima na mara tatu kwa ulalo na kuweka jambo kuu kwenye mistari hiyo, ataiona picha kama mistari minne inayokatana. Kanuni yenyewe iliandikwa kwa jina hilo na John Thomas Smith mwaka 1797, akizungumzia uchoraji wa mandhari ya mashambani. Yalikuwa maoni ya msanii, naye hakuyapima kwa watazamaji. Ni kipimo kizuri cha kuanzia. Kama sababu ya kumwambia mtu "umekosea", hakina nguvu hiyo.

Ukichukulia hivyo, ukosoaji unaojenga unakuwa kitu kidogo na kigumu zaidi kuliko nilivyodhani. Hauhitaji hukumu. Unahitaji taarifa ya safari ya jicho lako. "Anga ni kali mno" ni hukumu. Mwenye picha ataibishia, na ana haki. "Jicho langu liliingia kwa lile wingu jeupe juu kulia, likazunguka pale, sikufika kwenye jabali mpaka ulipolitaja" ni kitu ambacho yeye hawezi kukipata popote pengine, hata atazame mara mia. Anaweza kuamua wingu ndilo lilikuwa wimbo wake tangu mwanzo. Sawa. Taarifa inabaki kuwa kweli.

Swali la "ulitaka nione nini?" ni zuri pia, ila lije baadaye. Rudi mezani: ukishatajiwa jina la wimbo, kugonga kule kule kunageuka wimbo masikioni mwako. Huwezi tena kurudi kuwa asiyejua. Kwa hiyo mtazamaji ana nafasi moja tu ya ugeni, na akiulizia nia kabla ya kueleza alichokiona ameitupa.

Kwa anayepokea, hilo linaeleza ushauri ambao zamani niliuona wa kinidhamu tu: nyamaza kwanza. Nilidhani ni adabu, kwamba usijitetee mbele za watu. Kumbe ni kulinda shahidi. Mtu anayekabidhi picha huku akisimulia baridi, ngazi na ukungu anamwimbia msikilizaji wimbo kabla ya kuugonga, kisha anafurahi kwamba umetambuliwa.

Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya mwaka 1996 tafiti nyingi kuhusu watu wanaoambiwa wamefanyaje kazi. Kwa wastani maoni yalisaidia. Lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, utendaji ulishuka baada ya maoni. Maelezo yao ni kwamba maoni yanapoteza nguvu kadiri yanavyovuta akili kutoka kwenye kazi na kuielekeza kwenye nafsi. Wapiga picha wa mandhari hawakuwa mada ya uchambuzi huo, kwa hiyo siwezi kusema theluthi yetu ni ipi. Ila nilizitambua dawa zangu mbili humo, ile ya kuvunja na ile ya kupaka mafuta. Zote zilikuwa zikimzungumzia mtu.

Kujigeuza mgeni wa picha yako inawezekana kwa kiasi. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji watazame kazi zao kwenye kioo, kwani ikigeuzwa huonekana kama ya mkono mwingine. Kwenye kompyuta ni kubofya mara moja, na upeo ulioinama hujitoa wenyewe. Kuipunguza picha iwe ndogo kama stempu husaidia pia. Kuliko vyote ni kusubiri, mpaka wimbo ufifie.

Ansel Adams, mpiga picha za mandhari wa Marekani, alisubiri kwa namna yake. Picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, aliisafisha tena na tena kwa miongo kadhaa, nakala zaidi ya 1,300. Katika nakala za mwanzo mawingu bado yanaonekana juu angani. Katika za baadaye anga imekaribia kuwa nyeusi tii. Alisahau hata aliipiga lini: miaka aliyoitaja ilitangatanga kati ya 1940 na 1944. Waliomsaidia ni wanaastronomia ambao hawakuwepo siku ile, waliopima mahali mwezi ulipokaa ndani ya fremu. David Elmore alipata 31 Oktoba 1941. Baadaye, mwaka 1991, Dennis di Cicco aliupima mwezi uleule upya, akaona hesabu ya mwenziwe imepungukiwa siku moja: ilikuwa 1 Novemba, saa 10 na dakika 49 jioni.