Kusakinisha GNU Make 4.2.1 kwenye Solaris 10

make: Fatal error in reader: Makefile, line 14: Unexpected end of line seen

Ukikutana na ujumbe huu kwenye Solaris 10, mfumo endeshi wa Sun, usianze kuichokonoa Makefile, lile faili la maelekezo ambalo make hulisoma ili kujenga programu. Mara nyingi haina kosa lolote. Umeita make ya Sun, iliyoko /usr/ccs/bin, ukaipa faili lililoandikwa kwa kanuni za GNU, na yenyewe inasoma kanuni zake tu.

Wengi hapo hukimbilia gmake (yaani GNU Make) iliyokuja na mfumo, kwenye /usr/sfw/bin. Hiyo ni 3.80, toleo la mwaka 2002, na Solaris 10 yenyewe ilitoka Januari 2005. Kwa miradi midogo ya zamani inatosha. Kwa mradi wa leo ni hatari, tena hatari isiyopiga kelele. Toleo hilo halijui $(abspath), $(realpath), $(info), $(or) wala $(and), ambazo zote zilikuja na 3.81. Likikuta kitu lisichokijua halikatai: hukichukulia kuwa jina la kigeu, na kigeu kisichokuwepo thamani yake ni tupu. Tazama mistari hii miwili:

clean:
	rm -rf $(abspath $(OUT))/*

Kwa 3.81 kwenda juu, inafuta yaliyomo kwenye folda ya matokeo. Kwa 3.80 kile kipande cha abspath kinayeyuka, na kinachofika kwenye sheli ni rm -rf /*. Ndiyo, rm ya Solaris 10 ina ulinzi dhidi ya rm -rf /, lakini nyota ikishatanuliwa kuwa /etc, /export, /opt na wenzake, ulinzi huo hauna la kufanya. Ukiwa root (akaunti yenye mamlaka yote), ndiyo basi tena. Kwangu sababu hii peke yake inatosha kuiweka 3.80 kando, kabla hata sijataja hitilafu yake ya „virtual memory exhausted“ pale $(eval) inapotumika ndani ya masharti.

Nachagua 4.2.1, ya Juni 2016. Ina karibu kila kitu ambacho Makefile za sasa zinahitaji, pamoja na alama ya != na -O ya kupanga matokeo unapoendesha kazi sambamba. Matoleo yaliyofuata yameegemea Gnulib (mkusanyiko wa msimbo wa GNU), inayotaka sifa za C99, kiwango cha lugha ya C cha 1999, na kwa kompaila ya gcc 3.4.3 iliyokuja na Solaris 10 sioni sababu ya kujitafutia kazi.

Kabla ya kugusa msimbo, hakikisha vifaa vipo:

pkginfo SUNWgcc SUNWhea SUNWarc SUNWbtool SUNWtoo SUNWbash SUNWgtar

Pakeji isiyokuwepo itatajwa kwa neno ERROR. Seva nyingi zilisakinishwa kwa kundi dogo la pakeji, kwa hiyo tegemea mapengo. SUNWhea ikikosekana, kompaila italalamika haioni stdio.h. SUNWarc ndiyo inayowapotosha watu: configure, skripti inayokagua mfumo kabla ya kujenga, itasema „C compiler cannot create executables“, nawe utadhani gcc imeharibika. Fungua config.log ushuke hadi kwenye jaribio lililoshindwa. Ukiona ld (kiunganishi cha programu) imekosa faili la values-Xa.o, tatizo ni SUNWarc. Iongeze kwa pkgadd kutoka folda ya Solaris_10/Product ya diski ya usakinishaji, kisha anza upya.

Kuna kosa lingine la kompaila ambalo halina pakeji ya kulaumu. gcc hutunza nakala zake yenyewe za baadhi ya vichwa vya mfumo (faili za .h), ikiwa imezirekebisha. Mfumo ukipokea viraka vinavyobadilisha /usr/include, nakala hizo zinabaki za zamani na aina za data zinaanza kugongana. Dawa yake ni skripti iitwayo mkheaders, iliyo kwenye folda ya install-tools ya gcc hiyohiyo. Iendeshe ukiwa root, mara moja tu.

Sasa PATH, orodha ya folda ambamo sheli hutafuta amri. Kazi nzima imesimama hapa:

PATH=/usr/xpg4/bin:/usr/sfw/bin:/usr/ccs/bin:/usr/bin:/usr/sbin
CC=gcc
CONFIG_SHELL=/bin/bash
export PATH CC CONFIG_SHELL

/usr/xpg4/bin inatangulia kwa sababu grep, sed na awk zake zinafuata kiwango cha POSIX, wakati zile za /usr/bin ni za enzi nyingine. (Humo ndani kuna make pia, nayo ni ya Sun, usidanganyike.) /usr/ccs/bin inaleta ar na ld. /usr/ucb haimo, na isiwemo kabisa: ina cc ambayo ni ganda tupu, ukiiita inakujibu „language optional software package not installed“. CONFIG_SHELL inahitajika kwa kuwa /bin/sh ya Solaris 10 ni Bourne ya kale.

Kupakua moja kwa moja kutoka kwenye seva hiyo ni kupoteza muda. wget yake imeungwa na OpenSSL ya zamani isiyojua TLS 1.2, hivyo tovuti nyingi za https zitaikatalia. Pakua make-4.2.1.tar.gz kwenye kompyuta mpya, hakiki sahihi yake ya GPG hukohuko, halafu ihamishe kwa scp. SSH ya kisasa huenda ikakataa kuongea na seva hiyo mpaka uiruhusu kanuni za zamani:

scp -o HostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -o KexAlgorithms=+diffie-hellman-group-exchange-sha1,diffie-hellman-group14-sha1 make-4.2.1.tar.gz seva:/var/tmp/

Ikifika, linganisha jumla ya tarakimu (checksum) ya faili pande zote mbili. Upande wa Solaris amri ni digest -a sha256. Fungua kwa gtar xzf, kisha ingia kwenye folda yake uendeshe configure iliyo hapa chini. tar ya kawaida ya Solaris 10 haina z, na kwenye tarboli zenye majina marefu ya GNU hutoa „directory checksum error“ ukadhani faili limeharibika njiani.

/bin/bash ./configure --prefix=/opt/gnu --program-prefix=g --disable-nls --disable-load --without-guile

--disable-nls inakuepusha na maktaba ya libintl, ambayo ikiwa mahali pa ajabu itakusumbua miaka. Load na Guile ni sifa ambazo ni Makefile chache mno zinazozitumia, ziache. --program-prefix=g inafanya programu isakinishwe kwa jina la gmake, isigombane na make ya Sun ambayo skripti za zamani bado zinaitegemea.

Kuhusu /opt/gnu: kama uko ndani ya zoni (mfumo mdogo uliotengwa ndani ya Solaris) ya aina ya sparse root, /usr yote imeazimwa kutoka zoni kuu na ni ya kusomwa tu. Ukiweka /usr/local utafika mwisho wa safari ndipo uambiwe „Read-only file system“. /opt kwa kawaida haiazimwi.

Kisha:

sh build.sh

Hapa ndipo GNU Make inapowazidi wenzake kwa adabu: waandishi wake walijua huenda huna make inayofaa ya kuijengea make, wakaweka skripti ya sheli inayokompaili faili moja baada ya jingine. Utaona „compiling ar.c...“ na wenzake, mwisho „linking make...“. Programu mpya iko kwenye folda hiyohiyo, na kuanzia sasa tumia hiyo kukamilisha yaliyobaki:

./make
./make check
./make install

Majaribio ya check yanahitaji Perl; ile 5.8.4 ya mfumo inafanya kazi. Jaribio likishindwa, tafuta faili la .diff chini ya tests/work ulisome kabla ya kuogopa. Tofauti ya maneno kwenye ujumbe wa kosa la sheli si sawa na make inayokosea mpangilio wa kujenga. Ya kwanza naipuuza, ya pili nasimama.

Baada ya install, endesha ldd /opt/gnu/bin/gmake uone maktaba inazozitegemea. Zikitajwa maktaba za mfumo tu, zilizo chini ya /lib au /usr/lib, umemaliza. Ikitajwa maktaba iliyo „not found“, usithubutu kuirekebisha kwa crle -l /usr/local/lib. Amri hiyo bila -u inafuta njia za kawaida na kuweka yako peke yake, na kuanzia hapo hata ls inaweza kukataa kufunguka. Aliyekwisha kuifanya ajiokoe hivi:

LD_NOCONFIG=yes rm /var/ld/ld.config

Njia salama ni kukompaili tena ukiwa na LDFLAGS=-Wl,-R/njia/ya/maktaba.

Lawama nyingi zinazotupiwa gmake mpya hutokea baada ya hapo, na si zake. gmake huendesha amri za Makefile kwa /bin/sh, yaani ile Bourne ya kale, na haichukui SHELL iliyo kwenye mazingira yako. Ukiona „syntax error at line 1: `VER=$' unexpected“, mwandishi wa Makefile ametumia $$(...). Ukiona „is not an identifier“, ameandika export A=b kwa mkupuo mmoja. Zote mbili zinatibika kwa:

gmake SHELL=/bin/bash

Ukiiweka kwenye mstari wa amri inarithiwa na gmake za ndani pia, ilimradi Makefile inaziita kwa $(MAKE). Iliyoandika make kavu itaangukia kwa ya Sun na kukurudishia ule ujumbe wa „Unexpected end of line seen“. Hiyo irekebishe kwenye Makefile yenyewe. Wapo wanaotengeneza kiungo cha make kinachoelekea gmake na kukiweka mbele ya PATH. Kwa akaunti ya kujengea tu sina neno, kwa root hapana.

Kuhusu -j, yaani idadi ya kazi sambamba, amri ya psrinfo kwenye mashine ya UltraSPARC T1 itakuonyesha hadi prosesa 32, lakini hizo ni nyuzi nne kwa kila kiini, na viini ni vinane. Anza na -j8, angalia vmstat, ndipo uongeze.

Seva zikiwa nyingi, usirudie kukompaili. Toa amri ya ./make install DESTDIR=/var/tmp/gm, inayoweka faili chini ya folda hiyo, funga kwa gtar, sambaza. Programu ya SPARC haiendi kwenye x86, na iliyojengwa kwenye Solaris 10 inakubalika kwenye 11. Kwa seva zilizobaki kwenye 9, jengea kwenye 9.