Cyberpunk 2077: Yanayosemwa Kuhusu Mapokezi Yake na Yaliyotokea Kweli

Mtu akikuambia Cyberpunk 2077 ni takataka, au akiapa kwamba ni gemu bora kuliko zote alizocheza, muulize aliichezea wapi na lini. Gemu hii ya CD Projekt Red, studio ya Warsaw huko Poland, ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, na imebadilishwa mara nyingi mno tangu hapo kiasi kwamba watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha na wote wakawa wanasema kweli. Mmoja alikuwa na PS4 (PlayStation 4, konsoli ya Sony, yaani mashine ya kuchezea gemu kwenye runinga) wiki ya kwanza, mwenzake akaanza kwenye kompyuta miaka mitatu baadaye. Kauli zifuatazo ndizo zinazorudiwa zaidi. Tumezipima kwa mashine, toleo na tarehe.

Dhana: "Siku ya kwanza ilikuwa mbovu kwa kila mtu"

Ubovu mkubwa ulikuwa kwenye PS4 na Xbox One (konsoli ya Microsoft) za kawaida. Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, inaonyesha 86 kwa kompyuta, 57 kwa PS4 na 61 kwa Xbox One. Hiyo ni tofauti ya karibu alama 30 kwa hadithi ileile, waigizaji walewale na mji uleule.

Chanzo chake kimo ndani ya mashine. PS4 ilitoka mwaka 2013. Prosesa yake ina viini 8 vya kasi ndogo, kumbukumbu yake ya GB 8 inagawanywa kati ya prosesa na sehemu ya picha, na diski yake ni ya kuzunguka. Night City, mji wa gemu hii, umesongamana: maghorofa, matangazo ya mwanga, umati, magari. Ukiendesha kwa kasi, gemu inatakiwa iwe imeshasoma mtaa unaofuata kutoka kwenye diski kabla hujakata kona. Diski ikichelewa, kuta zinaonekana kama zimepakwa tope, watu wanatokea mbele yako kutoka hewani, na magari uliyoyaona sasa hivi yanakuwa yametoweka ukigeuka. Prosesa nayo ikielemewa, picha zinaanza kusuasua. PS4 ya kawaida iliweza kushuka chini ya fremu (picha moja moja) 20 kwa sekunde kwenye mapambano, wakati lengo lilikuwa 30, na ukali wa picha ukapunguzwa hadi karibu 720p ili mashine ipumue. Juu ya hayo yote, gemu ilikuwa ikijifunga yenyewe na kukurudisha kwenye menyu ya konsoli.

Januari 2021 Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi wa kampuni, alitoa video ya kuomba radhi na akataja jambo hilohilo. Waliijenga kwanza ipendeze kwenye kompyuta, kisha wakataka kuirekebisha ikae kwenye konsoli za zamani, na mfumo wa kuleta mandhari wakati mchezaji anatembea ukawa mgumu kuliko walivyodhani. Mwenye PS4 aliyelalamika alikuwa na haki kabisa, wala hakuwa "mchezaji asiyejua kupanga mipangilio" kama wengine walivyomkejeli.

Kompyuta nayo ilikuwa na balaa lake. Faili linalohifadhi ulipofikia lilikuwa linaharibika likizidi MB 8. Waliokumbwa zaidi ni wale waliokusanya vitu na malighafi bila kuuza, kwa sababu kila kitu mfukoni mwa mhusika kilikuwa kinaongeza uzito wa faili. Kikomo hicho kiliondolewa na toleo 1.06 tarehe 23 Desemba 2020, lakini mafaili yaliyokwisha kuharibika hayakurudi.

Dhana: "Wahakiki walinunuliwa"

Waliotoa alama za kwanza, tarehe 7 Desemba 2020, walikuwa wamepewa nakala za kompyuta peke yake. Za PS4 na Xbox One hazikutolewa kwa muda wa kuzipima. Wahakiki wa video nao walifungwa na sharti la kutumia picha zilizotolewa na studio, si walizorekodi wenyewe, mpaka gemu itoke. Hivyo mamilioni waliolipia mapema kwa ajili ya konsoli walisoma sifa za toleo ambalo hawangecheza, na hawakuona hata dakika moja ya toleo walilonunua. Kosa hilo ni la kampuni. Tarehe 14 Desemba uongozi wake ulikiri mbele ya wawekezaji kwamba ulipuuza dalili zilizoonyesha konsoli za zamani zinahitaji muda zaidi, na kwamba ulikuwa ukiionyesha gemu kwenye kompyuta kwa sehemu kubwa.

Wala si kweli kwamba wahakiki wote walisifu. GameSpot, tovuti ya habari za gemu, waliipa 7 kati ya 10 siku hiyohiyo ya kwanza, wakitaja wingi wa hitilafu, na watu ambao walikuwa bado hawajaigusa gemu wakawashambulia kwa matusi. Zaidi ya wiki moja baadaye hali ilikuwa imegeuka kabisa. Lawama tunayoiona ya haki kwa baadhi ya wahakiki ni ndogo zaidi lakini ni ya kweli: walijua hawajaona toleo la konsoli, na si wote waliosema hivyo kwa sauti mwanzoni mwa makala yao.

Dhana: "Sony iliiondoa dukani kwa sababu ya hitilafu tu"

Mpangilio wa matukio ni muhimu hapa. Tarehe 14 Desemba studio ilitangaza kwamba asiyeridhika aombe kurudishiwa fedha kupitia duka alikonunua. Duka la PlayStation kwa kawaida halimrudishii fedha mtu aliyekwisha kupakua gemu na kuanza kuicheza, ila gemu ikiwa na kasoro. Watu wakafurika kwenye huduma ya wateja, wengi wakakataliwa. Siku chache baadaye, usiku wa 17 kuamkia 18 Desemba, Sony ikakubali kumrudishia kila aliyeomba, na papo hapo ikaiondoa gemu. CD Projekt iliwaeleza wanahisa wake kwamba uamuzi huo ulitokana na mazungumzo ya pande mbili kuhusu marejesho hayo.

Iliyoondolewa ilikuwa nakala ya kupakua. Diski ziliendelea kuuzwa, na aliyekuwa nayo tayari aliendelea kucheza na kupata masasisho. Ilirudi dukani tarehe 21 Juni 2021, ikiwa na onyo kuhusu PS4 ya kawaida. Microsoft haikuiondoa kamwe. Iliweka onyo na kulegeza masharti ya kurudisha fedha.

Dhana: "Kampuni ilipata hasara"

Hapana. Gemu ilikuwa na oda za mapema milioni 8, na mwezi huohuo wa kutoka kampuni ilitangaza kwamba mapato ya oda hizo pekee yamezidi gharama za kuitengeneza na kuitangaza. Mpaka mwisho wa Desemba 2020, yaani katika wiki tatu, nakala milioni 13.7 zilikuwa zimeuzwa. Oktoba 2023 zilifika milioni 25, na Novemba 2024 milioni 30. Mpango wa kampuni yenyewe wa kurudisha fedha ulihusu nakala takriban 30,000. Kilichoporomoka ni bei ya hisa na imani ya wateja. Hata kesi maarufu ya Marekani inayotajwa kama "wachezaji waliishitaki studio" ilifunguliwa na wanahisa, ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 1.85 mnamo Desemba 2021.

Dhana: "Steam inaipa asilimia kadhaa, kwa hiyo hiyo ndiyo alama yake"

Kosa hili linafanywa hata na wanaoandika habari za gemu. Asilimia ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, ni sehemu ya walioandika maoni ambao walibonyeza "naipendekeza". Haipimi ni kwa kiasi gani wameipenda. Gemu ambayo kila mtu anaiona ya wastani lakini anaipendekeza itapata 100%, na gemu inayopendwa kwa wazimu na nusu ya watu huku nusu wakiichukia itapata 50%. Maneno yanayoandikwa kando ya asilimia yana mipaka yake: 40 hadi 69 ni mchanganyiko, 70 hadi 79 ni nzuri kwa sehemu kubwa, 80 kwenda juu ni nzuri sana, na kuanzia 95, ikiwa maoni yanafika 500, ndipo sifa ya juu kabisa inapotolewa.

Kwenye ukurasa wa gemu kuna pia mistari miwili ya asilimia. Wa jumla unachukua maoni yote tangu siku ya kwanza. Wa karibuni unachukua siku 30 zilizopita. Kwa Cyberpunk 2077 mistari hii ni hadithi mbili. Wa jumla bado unabeba hasira ya 2020, kwa sababu wengi walioandika wakati ule hawakurudi kubadilisha maoni yao. Ukitaka kujua toleo unaloweza kupakua leo likoje, soma wa karibuni, kisha panga maoni kwa tarehe na uangalie saa ambazo mwandishi amecheza. Aliyecheza saa mbili hajaondoka hata kwenye sehemu ya utangulizi.

Maoni ya wachezaji kwenye Metacritic yana udhaifu mwingine: hakuna anayeulizwa kama amenunua. Steam angalau inadai gemu iwe kwenye akaunti yako.

Dhana: "Katuni ya Netflix ndiyo iliyoiokoa"

Edgerunners ilitoka tarehe 13 Septemba 2022, na ni kweli iliwarudisha watu. Waliokuwa wakicheza kwa wakati mmoja kwenye Steam walipanda hadi zaidi ya 130,000, baada ya miezi mingi ya kimya. Lakini toleo 1.6 lilikuwa limetoka wiki moja kabla, tarehe 6 Septemba, na kabla yake toleo 1.5 la 15 Februari 2022, lililoleta gemu kwenye PS5 na Xbox Series, konsoli za kizazi kipya, rasmi, likarekebisha uendeshaji wa magari na mwenendo wa umati. Watu walioletwa na katuni walikuta gemu inayochezeka. Wangeletwa Machi 2021, wakati toleo 1.2 lenye marekebisho yapata 500 lilikuwa bado halijatosha, wangeondoka wakinung'unika. Katuni ilifungua mlango, na kazi ya karibu miezi 21 ndiyo iliyowafanya wakae.

Dhana: "Toleo 2.0 ni gemu mpya, na ni la kila mtu"

Toleo 2.0 lilitoka tarehe 21 Septemba 2023, siku tano kabla ya nyongeza ya kulipia, Phantom Liberty. Lilibadilisha mifumo. Miti ya ujuzi, yaani orodha za uwezo anaojifunza mhusika, iliandikwa upya. Kinga ya mwili ikahama kutoka kwenye nguo kwenda kwenye vipandikizi, yaani vifaa anavyowekewa mhusika mwilini, kwa hiyo sasa unavaa unachopenda bila kuogopa kufa. Mapigano ndani ya magari yakaongezwa. Polisi, ambao mwanzoni walikuwa wakiibuka nyuma ya mgongo wako sekunde chache baada ya kosa na hawajui kukufukuza kwa gari, wakapewa mfumo wa kukusaka mpaka MaxTac, kikosi chao maalum, kinapoitwa.

Ambacho hakikubadilika ni hadithi kuu, misheni na wahusika. Judy, Panam na safari ya V, mhusika unayemchezea, pamoja na Johnny Silverhand, aliyeigizwa na Keanu Reeves, vilisifiwa tangu 2020, na ni vilevile. Anayesema "waliandika upya gemu nzima" anawanyima waandishi sifa waliyostahili siku ya kwanza. Vivyo hivyo, chaguo la maisha ya awali ya mhusika lililalamikiwa kuwa jepesi, na bado ni jepesi.

Sasa kwa anayetaka kununua. Toleo 2.0 ni bure hata bila Phantom Liberty, lakini halipo kwa PS4 wala Xbox One. Huko masasisho yaliishia kwenye familia ya 1.6, na nyongeza yenyewe haiwezi kuchezwa. Muuzaji wa diski iliyotumika akikuambia "ni ileile iliyosifiwa" huku wewe una PS4, hiyo si ileile. Diski ya PS4 inakupa toleo la PS5 bila malipo, mradi PS5 yako iwe na tundu la diski na diski ibaki ndani unapocheza.

Kwa kompyuta, mahitaji ya chini yalipanda na 2.0: GB 70 kwenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka), RAM ya GB 12, na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 ya GB 8, kwa picha za chini kwenye 1080p. Diski ya kuzunguka haiungwi mkono tena. Ukiilazimisha, utakutana na kuta za tope zilezile za PS4, kisha utaandika kwamba gemu bado mbovu. Na kama una mchezo ulioanza zamani, pointi zako za ujuzi zitarudishwa uzigawe upya, lakini ni bora kuanza mhusika mpya, maana vifaa na vipandikizi vya zamani havikupangwa kwa mfumo huu.

Dhana: "Sasa imekuwa ile waliyoahidi"

Phantom Liberty ilipata 89 kwenye Metacritic kwa kompyuta, na Desemba 2023 gemu ilishinda tuzo ya gemu bora inayoendelezwa kwenye The Game Awards. Sifa hizo ni halali. Hata hivyo, baadhi ya ahadi hazikutimizwa. Kukimbia juu ya kuta, kulikoonyeshwa kwenye onyesho refu la 2018, kulifutwa kabla hata gemu haijatoka, na studio ilisema wazi mwaka 2020. Treni ya mji, iliyoonekana kwenye vionjo vya awali, iliweza kupandwa tarehe 5 Desemba 2023 kwa toleo 2.1, miaka mitatu kasoro siku tano. Umati wa Night City bado hauna maisha ya kufuatilia: mfuate mpita njia mmoja na utagundua haendi popote, anazunguka tu mpaka mji umsahau.