Kuongoka na Kuzaliwa Mara ya Pili: Nani Anatenda Nini?

Anza na vitenzi, maana sehemu kubwa ya mkanganyiko kati ya kuongoka na kuzaliwa mara ya pili huisha hapo hapo. Petro, akihubiri hekaluni, anasema: "Tubuni basi, mrejee, ili dhambi zenu zifutwe" (Matendo 3:19). Hiyo ni amri. Msikilizaji ndiye anayetubu, ndiye anayerejea. Yesu naye anamwambia Nikodemo: "Hamna budi kuzaliwa mara ya pili" (Yohana 3:7). Hapa hakuna jambo ambalo Nikodemo ameagizwa alifanye. Kuna ulazima unaotangazwa, na kitenzi chenyewe ni cha kutendwa. Mtu huzaliwa, hajizai.

Kiswahili kinalionyesha hili vizuri kuliko tunavyozoea kulisikia. "Zaliwa" ina ile -w- ya kutendwa: yuko mwingine anayezaa. "Ongoka" ina -k- ya geuka na amka: mtu mwenyewe anatoka hali moja kwenda nyingine, hata kama yuko aliyemwongoa. "Toba" tuliipata kwa Kiarabu, na mzizi wake ni kurudi. Kiebrania cha manabii kina "shuv", nacho ni kurudi vilevile. Kwa hiyo kuongoka kuna mgongo na uso. Kuna unachokipa mgongo, na kuna unayemwelekezea uso. Paulo anawakumbusha Wathesalonike pande zote mbili kwa pamoja: walimgeukia Mungu, wakaziacha sanamu (1 Wathesalonike 1:9). Ukiona upande mmoja tu umetokea, mathalani mtu ameacha ulevi lakini kwa Mungu hajaelekea, hayo ni mabadiliko ya tabia. Ni mema, ila usiyaite wongofu.

Kuzaliwa mara ya pili ni Mungu kumpa mtu uhai asiokuwa nao. Maandiko yanalieleza kwa picha kadhaa: moyo wa jiwe kuondolewa na kuwekwa wa nyama (Ezekieli 36:26), aliyekuwa mfu kuhuishwa (Waefeso 2:5), kiumbe kipya (2 Wakorintho 5:17), kuzaliwa kwa mbegu isiyoharibika (1 Petro 1:23). Katika kila picha, mtafute mtendaji. Jiwe halijing'oi, maiti hajifufui. Yohana 1:13 inaziba hata mianya iliyobaki: waliozaliwa "si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu."

Neno linalotumika zaidi mitaani na makanisani, "kuokoka", limeyameza yote mawili, na kusamehewa humo humo. Silikatai, ni neno la Biblia. Lakini anayefundisha darasa la ubatizo kwa neno hilo peke yake ajue kwamba wanafunzi wataondoka na fungu moja lisilofunguliwa, na siku litakapowatatiza hawatajua washike uzi upi.

Alichosikia Nikodemo

Neno la Kigiriki katika Yohana 3:3 ni "anothen", nalo lina maana mbili: upya, na kutoka juu. Aya ya 31 ya sura hiyo hiyo inalitumia tena, na hapo Biblia zetu husema "kutoka juu", kwa sababu hapo haliwezi kuwa na maana nyingine. Yesu mbele ya Pilato pia (19:11) anasema mamlaka aliyo nayo Pilato amepewa "kutoka juu". Neno ni lile lile. Sasa tazama anachofanya Nikodemo katika aya ya 4. Anapouliza kama mzee anaweza kuingia tena tumboni mwa mama yake, halirudii neno la Yesu. Anatumia "deuteron", yaani mara ya pili kwa hesabu. Alisikia idadi, akapitwa na chanzo.

Tafsiri ya Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, ya 1952, ilichagua "mara ya pili". Si kosa, lakini chaguo hilo linampa msomaji sikio la Nikodemo. Ndiyo maana mtu akiambiwa habari ya kuzaliwa mara ya pili hukimbilia kutafuta tarehe. Ninapofundisha huweka yote mawili pamoja, "mara ya pili, kutoka juu". Swali la "lini?" hupungua makali, na swali la "na nani?" hupata nafasi.

Kuna dokezo jingine ambalo msomaji wa Kiswahili hupewa bure, na wasomaji wa Kiingereza cha leo hulikosa: "nilikuambia, Hamna budi." Anayeambiwa ni mmoja, wanaohitaji kuzaliwa ni wengi. Nikodemo alikuwa Farisayo, mkuu wa Wayahudi, mwalimu wa Israeli. Hakuwa na sanamu za kuziacha wala maisha machafu ya kusimulia kwenye ushuhuda. Huyo ndiye aliyeambiwa. Kwa hiyo fundisho la kuzaliwa upya halikuanza kama dawa ya walioharibikiwa. Lilianza kwa mtu ambaye sisi tungemkabidhi mimbari.

Kuhusu "maji" ya aya ya 5, wapo wanaoona ubatizo, wapo wanaoona kuzaliwa kwa mwili, na wapo wanaoona maji safi ya Ezekieli 36:25. Mimi naegemea Ezekieli, kwa kuwa maji na roho viko pamoja pale, na Yesu anamshangaa mwalimu wa Israeli kwa kutoyajua mambo haya. Angeshangaa vipi kama hayakuwa yameandikwa?

Pingamizi lenye nguvu

Mtu aliyesoma vizuri atasema: mbona Ezekieli 18:31 inaamuru, "jifanyieni moyo mpya na roho mpya"? Hapo mtendaji ni mwanadamu. Ni kweli, na halifai kufichwa. Lakini kitabu ni kile kile ambacho katika sura ya 36 kinasema, kwa kinywa cha Mungu, "nami nitawapa ninyi moyo mpya." Kumbukumbu la Torati lina mpangilio huo huo: 10:16 inawaagiza Waisraeli waitahiri mioyo yao, 30:6 inaahidi kwamba Bwana ataitahiri. Kinachodaiwa mahali pamoja kinatolewa mahali pengine. Naisoma hivi: amri inataja wajibu wa mtu, ahadi inataja uwezo unakotoka. Na Ezekieli 18 nzima ni wito wa kugeuka, hivyo moyo mpya pale unatazamwa kutoka upande wa mtu anayegeuka.

Vivyo hivyo Paulo anapowaambia Wakorintho "mimi ndimi niliyewazaa" (1 Wakorintho 4:15). Anaongeza papo hapo, "kwa njia ya Injili." Mhubiri ni mkunga mwenye haki ya furaha ya mkunga. Kumrejeza mtu aliyepotea, Yakobo 5:20 inasema, mtu anaweza. Kumzaa kwa Roho hawezi.

Kipi kinatangulia?

Hapa makanisa yamegawanyika, na mgawanyiko huu si wa maneno tu. Sinodi ya Dort (1618–1619), mkutano wa kanisa uliofanyika Uholanzi, ilitetea msimamo wa Wakalvini, wafuasi wa mafundisho ya John Calvin: Mungu humpa mtu uhai kwanza, ndipo mtu huyo atubu na kuamini. Aya yao yenye nguvu ni 1 Yohana 5:1, "Kila mtu aaminiye kwamba Yesu ni Kristo amezaliwa na Mungu." Tazama viambishi: aaminiye sasa, amezaliwa tayari. Linganisha na 2:29, atendaye haki "amezaliwa na yeye". Hakuna anayesema kutenda haki ndiko kulikomzaa mtu huyo. Basi kwa nini kuamini kusomwe tofauti? Wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa Uholanzi, na baadaye John Wesley na Wamethodisti, wanajibu kwa Yohana 1:12: waliompokea ndio waliopewa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu. Kwao neema inamtangulia kila mtu na kumwezesha kuitikia, naye akiamini, anazaliwa. Wote wawili wanakubali kwamba mwenye kuzaa ni Mungu. Wanaopingana juu ya mpangilio huzungumzia zaidi kipi ni sababu ya kipi, hawashiki saa mkononi.

Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri, pamoja na Waanglikana wengi, hufungamanisha kuzaliwa upya na ubatizo, wakishika Tito 3:5, "kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili." Mtoto mchanga huzaliwa upya majini, na kuongoka ni kazi ya maisha yote inayofuata. Mhubiri wa Kipentekoste akimuuliza Mlutheri "umezaliwa mara ya pili?" naye akajibu "ndiyo, nilipobatizwa," mhubiri huyo bado hajajua lolote kuhusu wongofu wa mwenzake. Amuulize swali la pili.

Jambo moja kwa wanaosoma waandishi wa karne ya 16: Calvin alitumia "kuzaliwa upya" kwa maana pana, akiihusisha na toba ya maisha yote. Ukimnukuu katika mabishano ya leo bila kuangalia hilo, utamfanya aseme asichokusudia.

Petro aliongoka mara ngapi?

Tofauti yenye matokeo makubwa zaidi kwa wahudumu iko hapa. Kuzaliwa ni mara moja. Kuongoka kunaweza kurudiwa. Usiku wa kusalitiwa Yesu alimwambia Petro, "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako" (Luka 22:32). Petro alikuwa ameacha nyavu miaka iliyopita. Alikuwa amekiri kwamba Yesu ni Kristo. Bado kulikuwa na kuongoka mbele yake, baada ya kuanguka. Hakuna anayeambiwa katika Agano Jipya kwamba azaliwe tena na tena.

Vilevile kuongoka kuna sura nyingi. Paulo aliangushwa njiani. Lidia alikuwa mcha Mungu tayari, akafunguliwa moyo na Bwana akiwa anasikiliza tu (Matendo 16:14). Mlinzi wa gereza wa mji ule ule alihitaji tetemeko la ardhi. Timotheo alijua maandiko matakatifu tangu utoto (2 Timotheo 3:15), na hatupewi siku yake. Mtoto aliyelelewa ndani ya imani asilazimishwe kubuni siku ya giza ili ushuhuda wake unoge. Hilo huzaa waongo, na huzaa pia vijana wanaoishi na hofu kwamba hawakuwahi kuwa wa Kristo.

Upande wa pili kuna Simoni wa Samaria. Matendo 8:13 inasema aliamini, akabatizwa, akashikamana na Filipo. Aya ya 21 Petro anamwambia moyo wake si mnyofu mbele za Mungu. Dalili zote za nje zilikuwepo. Yuda naye alijuta na kurudisha vipande 30 vya fedha (Mathayo 27:3), lakini kitenzi cha Kigiriki pale si kile cha "tubuni": ni majuto yasiyo na mahali pa kurudi. Ana mgongo, hana uso.

Mwito unapoitikiwa

Kosa lililozoeleka ni kumwongoza mtu sala ya toba ya sentensi tano, kisha kumtangazia, "Leo umezaliwa mara ya pili." Mshauri ametoa cheti cha jambo asiloliona. Aliyetangaziwa hivyo na asibadilike huja kusema, baada ya mwaka, kwamba alijaribu wokovu haukufanya kazi. Huyo ni mgumu kuhubiriwa kuliko asiyewahi kusikia. Kosa la upande mwingine ni kumwambia mtu asubiri Mungu amzae, akakaa miaka akijichunguza kama ana dalili, ilhali amri ya kutubu inamhusu leo.

Utaratibu ninaoushauri ni huu. Kabla ya sala, muulize kwa maneno yake mwenyewe anaacha nini na anamwendea nani. Asipoweza kujibu la pili, mweleze 1 Wakorintho 15:3-4 kwanza: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka. Mwache aombe mwenyewe, hata kama atababaika. Kisha mpe ahadi, usimpe tangazo: "kila atakayeliitia Jina la Bwana ataokoka" (Warumi 10:13). Uhakika wake usimame juu ya neno hilo, usisimame juu ya sauti yako.

Ndani ya siku 3 mtembelee. Injili ya Yohana ina sura 21, hivyo kwa sura moja kwa siku ni wiki tatu. Baada yake sura 5 za waraka wa kwanza wa Yohana. Huo ndio waraka unaotaja ishara za aliyezaliwa: anamwamini Kristo, anatenda haki, anawapenda ndugu, dhambi haiwi makao yake. Ile ya mwisho (3:9) huwaogopesha wengi, kwa hiyo isomwe pamoja na 1:8, inayosema tukidai hatuna dhambi twajidanganya. Kinachokanwa ni mwenendo wa kuendelea kutenda dhambi, na mwenendo hauonekani katika wiki mbili. Ipe miezi.

Halafu kuna yule anayekuja mbele kwa mara ya nne. Wahudumu huhangaika: je, ni Petro aliyeanguka au ni Simoni ambaye hakuwahi kuzaliwa? Huhitaji kuamua ili umhudumie. Petro aliambiwa habari ya kuongoka, na Simoni aliambiwa, "tubia uovu wako huu" (Matendo 8:22). Mlango ni mmoja kwa wote wawili. Muulize maswali yale yale, mwache aombe mwenyewe, panga siku ya kumtembelea. Kwenye kadi yake andika tarehe na neno "amerejea". Kama kadi ina nafasi ya "amezaliwa mara ya pili", iache wazi.