Kukoma hedhi: jasho la usiku ambalo si palu (malaria)

Usiku wa Bukavu una baridi. Mji umekaa juu ya vilima, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa ziwa Kivu unapanda hadi Kadutu. Basi mama wa miaka 49 akiamka saa nane za usiku, shuka limelowa jasho, anawaza palu tu. Asubuhi ananunua dawa bila kupima. Wiki mbili hazijapita, jasho limerudi, na pesa ya chakula inaenda tena kwenye dawa. Inaniuma, kwa sababu wengi wao hawajawahi kuambiwa kinachotokea mwilini mwao.

Kukoma hedhi, ambako wengi hapa husema menopozi, ni kutimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasipo mimba, kunyonyesha wala dawa inayozuia hedhi. Kwa hiyo hujulikana kwa kuhesabu kurudi nyuma. Damu ikitoka mwezi wa 11, hesabu inaanza upya, na kabla ya kutimiza mwaka huo mimba bado inaweza kuingia. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Hedhi ikikoma kabla ya 40, ni mapema mno. Daktari atafute sababu.

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Yanapokaribia kwisha, vifuko vya mayai hupunguza homoni ya estrojeni, lakini si kwa siku moja: kwa miaka kadhaa homoni hupanda na kushuka, damu huja nyingi mwezi huu, kisha miezi miwili kimya. Ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili nayo huwa nyepesi kushtuka. Joto likiongezeka kidogo tu, mishipa ya ngozi hufunguka, uso na kifua huwaka, jasho hutoka, halafu baada ya dakika chache baridi huingia. Palu huleta homa ambayo kipimajoto kinaiona, pamoja na kutetemeka na kichwa kuuma. Hata hivyo, pima kwanza. Na jasho la usiku lenye kikohozi kisichoisha na kukonda, hilo lichunguzwe kifua kikuu.

Estrojeni pia hulinda mifupa. Ikipungua, mifupa hupoteza uimara upesi, na mama anayebeba mizigo mgongoni akipanda vilima hivi anapaswa kulijua hilo. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao, wana kalisiamu nyingi.

Wanaume nao huuliza kama wana menopozi yao. Testosteroni yao hupungua polepole mwaka hadi mwaka, lakini hakuna siku inayokoma, na mzee anaweza bado kuzaa. Mwanaume aliyepoteza nguvu na hamu ghafla apimwe sukari na presha kabla ya kulaumu umri. Na mke anayekosa usingizi, au anayeumia kwenye tendo la ndoa kwa sababu ya ukavu, hajamchoka mumewe. Dawa zipo, za homoni na zisizo za homoni, ila zile za homoni hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kupata saratani ya titi au damu kuganda.

Damu ikionekana tena baada ya mwaka mzima wa ukimya, hata doa moja kwenye kitenge, si hedhi iliyorudi. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.