Mikanda ya mpira ya kufungia vifuniko vya jenereta

Hapa Goma jenereta isiyofunikwa huchakaa mapema, kwa sababu vumbi jeusi la mawe ya volkano lina makali, na likipenya kichujio cha hewa hukwaruza silinda. Jenereta nyingi ninazoletewa zina turubai nzuri kabisa. Kilichoharibika ni kifungio. Kamba ya katani hulegea kila upepo wa ziwani unapoipeperusha turubai, ilhali mpira huvutika na kurudi, hivyo kifuniko hubaki kimebana.

Kamba za mpira za dukani zina nyuzi za mpira zilizozungushiwa kitambaa cha nailoni. Jua na ozoni, gesi iliyomo hewani, hupasua mpira wa asili, na kwa kuwa kitambaa huficha nyufa, mwenye mali hutambua pale tu kamba inapokuwa imekwisha nguvu. Mimi napendelea tyubu kuukuu kutoka kwa mafundi wa matairi wa mtaa wa Birere. Tyubu nyingi ni za butili, mpira unaostahimili jua na ozoni kuliko ule wa asili, ingawa hurudi polepole zaidi ukivutwa.

Osha tyubu, ondoa sehemu ya valvu na zenye viraka, kisha kata mkanda wa upana wa sentimita 2.5 kwa mkasi mkali. Baada ya kukata, pitisha kidole gumba ukingoni taratibu huku ukiuvuta mkanda kidogo: mkato mdogo kama wa ukucha utafunguka mbele ya macho yako, na hapo ndipo mkanda utakapochanika siku ya dhoruba. Kipande hicho usikitumie.

Kwa urefu, zungusha uzi kwenye kifuniko, upime, kisha punguza robo. Mzunguko wa sentimita 200 unahitaji mkanda wa sentimita 150, bila kuhesabu ncha za kukunja, nao utavutika kwa theluthi moja tu. Ukiuvuta hadi mwisho wa uwezo wake, utachoka haraka.

Nawasihi sana wasomaji wasiweke kulabu za chuma, kwa kuwa mkanda ukiponyoka kulabu hurukia uso na inaweza kupofua jicho. Kunja kila ncha iwe kitanzi, ifunge kwa utepe mwembamba wa tyubu uliokazwa mizunguko kadhaa, kisha unganisha vitanzi kwa kijiti cha mti mgumu. Usitoboe mpira, maana kila tundu ni mwanzo wa mchaniko.

Mkanda ukae chini ya sehemu pana ya jenereta, usije ukapanda juu na kuchomoka, tena mbali na petroli, ambayo huuvimbisha na kuulainisha. Usifunike kabla ekzosi haijapoa. Mkanda ukifunguliwa na kubaki mrefu kuliko ulivyokatwa, ubadilishe kabla mvua za Septemba hazijaanza.