Filamu fupi ya Kiyahudi: hicho "Kiyahudi" si lugha

Orodha ya tamasha ikiandika "Lugha: Kiyahudi", jua aliyejaza fomu hakuisikiliza filamu.

Maana ya filamu fupi ya Kiyahudi haina mzunguko. Ni filamu isiyozidi dakika 40, orodha ya watengenezaji mwishoni ikiwemo (hicho ni kipimo cha tuzo za Oscar, matamasha mengi hutaka fupi zaidi), inayochimba maisha ya Wayahudi: dini, familia, uhamaji, utani, sanaa yao.

Mgogoro uko kwenye ki-. Kwetu kiambishi hicho hutaja namna, kama chakula cha Kichina, na hutaja lugha pia. Sasa mtu anaona "filamu ya Kiyahudi" na kudhani waigizaji wanaongea Kiyahudi. Wanaongea Kiebrania, au Kiyidi kilichokua kwa Wayahudi wa Ulaya juu ya msingi wa Kijerumani, au Kiladino cha waliofukuzwa Hispania mwaka 1492, au Kifaransa tu. Kiebrania na Kiyidi huandikwa kwa herufi zilezile, kutoka kulia kwenda kushoto, ndiyo maana bango humponza mtu. Ili kuzitofautisha, tazama herufi ayin (ע): katika Kiyidi inasimama mahali pa irabu "e", hivyo imejaa kila mstari. Kiebrania irabu nyingi hakiziandiki kabisa. Kichekesho ni kwamba neno "Yidish", kwa wenye lugha hiyo, maana yake ni "Kiyahudi". Aliyekosea alikuwa karibu kupatia, ila bila kujua.

Neno Yahudi limetufikia kupitia Kiarabu. Asili yake ni Kiebrania Yehudi, mtu wa Yehuda, ambaye Biblia yetu inamwita Yuda, mwana wa Yakobo. Tukaishia na majina mawili ya mzizi mmoja, na msomaji wa kawaida haoni kwamba yanahusiana. Tena Uyahudi wa "Bethlehemu ya Uyahudi" katika Mathayo ni jimbo, ilhali Uyahudi wa leo ni dini. Israeli nalo ni jina alilopewa Yakobo huyohuyo baada ya kushindana mweleka usiku kucha. Ndipo wakapatikana wana wa Israeli wa kwenye kitabu cha Kutoka. Mwisraeli wa leo ni raia wa nchi iliyotangazwa mwaka 1948, na takriban mmoja kati ya watano wa raia hao ni Mwarabu.

Kwa hiyo filamu ya Kiisraeli na filamu ya Kiyahudi hazilingani. *White Eye* ya Tomer Shushan, iliyopigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata picha, inamfuata mtu wa Tel Aviv aliyeiona baiskeli yake iliyoibwa ikiwa mikononi mwa mhamiaji kutoka Eritrea. Ni ya Kiisraeli barabara, lakini kinachoulizwa humo ni polisi, vibali na dhamiri. Kwa upande mwingine, *Der Dibuk* (ndefu, si fupi, lakini mfano hauna mpinzani) ilitengenezwa Poland mwaka 1937 kwa Kiyidi, na nchi ya Israeli ilikuwa bado miaka 11. Na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Ukiwapiga filamu ya dakika 12 wakiimba zaburi kwa Luganda Ijumaa alasiri, kabla Sabato haijaingia, umepata filamu ya Kiyahudi, ya Uganda, yenye lugha ya Luganda. (Kamera iwe imezimwa kabla jua halijazama, wanaoshika Sabato hawaruhusu kurekodi.)

Basi kwenye fomu gawanya nafasi tatu. Lugha: ile inayosikika. Nchi: ilikotayarishwa. Mada: maisha ya Wayahudi. Lugha ikikushinda kuitambua, muulize mwongozaji. Ni ujumbe wa mstari mmoja tu.