Je, wajua redio ya intaneti inaweza kuendeshwa kwa vidole tu, bila kuangalia popote?

Mama yangu mkubwa alizaliwa Unguja, akaolewa Mwanza, na uzeeni presha ya macho ikamzimia nuru yote. Alichokitamani baada ya hapo ni kusikia redio za kwao. Mawimbi ya FM ya Unguja hayafiki Mwanza; husafiri moja kwa moja na kwa kawaida huishia makumi ya kilomita kutoka mnarani. Intaneti inafika. Tatizo ni simu: kioo kitupu, laini kote, kidole hakijui kimegusa wapi. Ipo programu ya kusoma skrini kwa sauti, na vijana wengi wasioona wanaitumia kwa ustadi mkubwa, lakini kumfundisha mtu aliyepoteza kuona akiwa ameshapita miaka sabini ni kumtwisha mzigo ambao hakuuomba.

Ndipo nikamtengenezea redio yake. Wengi huniuliza inanasa nini ilhali haina antena ya kuvuta. Kituo kinachorusha matangazo mtandaoni hubana sauti kuwa mp3 au AAC, miundo ya faili ndogo za sauti, na kuiweka kwenye seva yenye anwani, kama tovuti yoyote. Kifaa kikibisha hodi kwenye anwani hiyo, seva huanza kukitumia faili la sauti, ila faili hili halina mwisho. Linaendelea kuja mpaka uzime. Kifaa huweka akiba ya sekunde chache kabla ya kuanza kuimba, ili mtandao ukiyumba kidogo msikilizaji asisikie mkatiko. Ndiyo maana taarifa ya habari ya mtandaoni huchelewa nyuma ya ile ya FM.

Kazi hiyo haihitaji kompyuta kubwa. Raspberry Pi Zero W, kompyuta kamili yenye Wi-Fi, ilitoka mwaka 2017 kwa dola 10. Mimi nilichagua ESP32, bodi ndogo zaidi ya kielektroniki yenye Wi-Fi na chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai. Haihitaji kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo umeme ukikatika ghafla hakuna kadi ya kuharibika, na ukirudi inawaka yenyewe. Inakula umeme wa chaja ya simu. Sauti inatoka kwenye bodi kwa waya tatu kwenda kwenye amplifaya ndogo ya MAX98357A, isiyozidi ukubwa wa stempu, ambayo inasukuma spika hadi wati 3 hivi. Spika na kasha nilivitoa kwenye redio kuukuu ya marehemu mume wake. Kasha lile mikono yake ilikuwa inalijua tayari.

Kuhusu bando, hesabu ni nyepesi. Kituo cha kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu megabaiti 29 kwa saa. Cha kilobiti 128 hula mara mbili yake. Kwa maneno na taarab 64 zinatosha.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua muda kuliko yote: kitufe cha kuchagulia stesheni. Michoro mingi utakayoikuta hutumia enkoda, kitufe kinachozunguka bila kikomo. Kwa anayeona hakuna shida, kwa kuwa skrini inamwambia amefika wapi. Kwa asiyeona ni mtego, maana kitufe chenyewe hakiko mahali popote. Ukikiacha na kukirudia, mkono hauna pa kuanzia. Nilikitoa nikaweka swichi ya kuzungusha ya nafasi kumi na mbili, ile inayolia tak kila hatua na kugota kabisa mwishoni. Mama mkubwa huizungusha kushoto mpaka igote, kisha anahesabu: tak, tak, tak, stesheni ya nne. Pembeni niliweka vitone vya gundi ngumu, kimoja kikubwa kwenye stesheni ya kwanza na ya saba. Nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, sikuziweka, kwa kuwa hajawahi kuzisoma. Aliyepoteza kuona uzeeni mara nyingi hazijui.

Waya kumi na mbili kwenda kwenye bodi ni fujo, kwa hiyo nilipanga rezista (vipande vidogo vya kuzuia umeme) kumi na moja zinazolingana kwa mfululizo kati ya volti 3.3 na sifuri. Kila nafasi ya swichi inagusa kiungo kimoja cha mnyororo huo, na kila hatua inaongeza volti 0.3. Bodi inapima volti kwa waya mmoja na kujua swichi iko wapi. Tahadhari kwa atakayejaribu: kwenye ESP32 ya kawaida tumia pini namba 32 hadi 39 kupimia, kwa sababu pini za kundi la pili la kupimia (ADC2) haziwezi kupima volti wakati Wi-Fi inatumika. Tena iambie programu isubiri robo sekunde swichi itulie, la sivyo itajaribu kufungua kila stesheni unayoipita.

Kitufe cha pili ni cha sauti, chenye mwanzo na mwisho vilevile. Hakuna cha tatu.

Kimya nacho kinamtesa asiyeona, kwa kuwa hajui kama mtandao umekatika, stesheni imelala au redio imeharibika. Kwa hiyo redio hii inasema. Mjukuu wake alirekodi sentensi fupi: "Natafuta mtandao, bibi, subiri kidogo", "Stesheni hii haipatikani leo", na majina ya stesheni zote. Anwani za vituo hubadilika bila taarifa, nazo nimeziweka kwenye faili dogo la maandishi mtandaoni ambalo redio hulisoma kila ikiwaka. Kituo kikihama, narekebisha mstari mmoja nikiwa Dar, naye anazima na kuwasha.

Uingereza jambo hili walilichukulia kwa uzito zamani: shirika la hisani la British Wireless for the Blind Fund limekuwa likiwapatia wasioona redio tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwetu bado tunategemea fundi wa nyumbani.

Nafasi ya kumi na mbili haina stesheni. Ni saa. Bodi huchukua muda kutoka mtandaoni, na ili isome saa ya Kiswahili niliipa kanda ya saa iliyo nyuma ya saa ya kimataifa kwa saa tatu, badala ya mbele kwa tatu kama ilivyo Afrika Mashariki. Tofauti ya saa sita, basi saa moja asubuhi inakuwa moja kweli. Rekodi kumi na tano zilitosha: moja kwa kila saa, yaani kumi na mbili, kisha na robo, na nusu, na kasorobo. Hiyo ndiyo nafasi anayoigusa mara nyingi zaidi. Alfajiri anazungusha kulia mpaka igote, sauti ya mjukuu inasema "saa kumi na moja na nusu", naye anaamka kutafuta kanga yake ya kuswalia.